Mkaa huondoa harufu ya pombe kali, hauondoi sumu yake

FEBRUARI 2024, watu 17 walipoteza maisha katika eneo la Kangai, Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, baada ya kunywa pombe kali yenye sumu. Novemba mwaka huo huo, watalii sita waliokuwa katika mji wa Vang Vieng nchini Laos walifariki dunia baada ya kunywa pombe iliyochanganyika na methanoli.

Matukio hayo yalitokea katika mabara mawili tofauti, lakini swali yanaloliacha ni moja: mnywaji atajuaje kwamba kilichomo ndani ya glasi ni pombe na si sumu?

Kwa watu wengi, jibu limekuwa macho na pua. Pombe inayong'aa kama maji ya chemchemi na isiyotoa harufu huhesabiwa kuwa safi. Ile yenye ukungu na uvundo huhesabiwa kuwa chafu. Kigezo hicho ndicho kilichoijengea vodka sifa yake duniani, na nyuma ya sifa hiyo kuna kitu cha kawaida sana, nacho ni mkaa.

Mkaa huo si siri ya viwanda vikubwa tena. Unauzwa madukani kwa ajili ya kuchujia maji ya kunywa na maji ya matangi ya samaki wa mapambo, na watengenezaji wadogo wa pombe kali katika nchi kadhaa hupitishia humo pombe yao. Kwa Afrika Mashariki, ambako gongo, chang'aa na waragi hupikwa mijini na vijijini licha ya sheria, ni rahisi kufikiri kwamba dawa imepatikana: wapikaji wapewe vichujio, pombe isafike, vifo vikome.

Hoja hiyo inavutia, lakini ina kasoro moja kubwa. Mkaa huondoa harufu na ladha mbaya. Hauondoi methanoli, ambayo ndiyo sumu inayoua watu wengi kwa mara moja.

Ugunduzi wa mfamasia

Matumizi ya mkaa katika pombe kali yana historia ndefu. Mwaka 1785, mfamasia mzaliwa wa Ujerumani, Tobias Lowitz, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Saint Petersburg nchini Urusi, aligundua kwamba unga wa mkaa huondoa rangi ya kahawia katika vimiminika alivyokuwa akivitayarisha maabara.

Lowitz aliujaribu mkaa huo katika pombe kali ya nafaka, na akaona kuwa harufu yake mbaya imepungua sana. Katika miaka iliyofuata, njia hiyo ilienea kwa watengenezaji wa vodka wa Urusi na nchi za jirani, na hadi leo viwanda vingi vya huko hutumia mkaa wa mti wa mbetula.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa Ulaya walipata njia ya kuuongezea mkaa nguvu. Badala ya kuuacha kama ulivyotoka tanurini, waliupitishia mvuke katika joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi, au waliutengeneza kwa msaada wa kemikali. Matokeo yake ni mkaa uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho, unaojulikana kama mkaa amilifu.

Gramu moja tu ya mkaa huo, kiasi kinachotosha ncha ya kijiko, inaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500, na aina nyingine huzidi mita 1,000. Malighafi yake ni mbao, makaa ya mawe au vifuu vya nazi. Wakati vifuu vingi katika pwani ya Afrika Mashariki huishia kuwa kuni, Sri Lanka, India na Ufilipino huvigeuza kuwa bidhaa hii na kuiuza duniani kote.

Si kama kifumbu cha tui

Wengi hudhani mkaa hufanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui, yaani huruhusu maji kupita na kuzuia machicha. Sivyo. Uchafu ulioyeyuka katika pombe hauna machicha ya kuzuiwa. Kinachotokea ni kwamba baadhi ya molekuli hunata juu ya kuta za vile vitundu na kubaki humo, huku nyingine zikipita.

Molekuli zinazonata kwa urahisi ni zile kubwa ambazo hazipatani sana na maji. Miongoni mwake ni zile pombe nzito zinazotokana na uchachushaji, ambazo huipa gongo harufu yake ya kukereketa. Mkaa huzivuta vizuri, na hivyo kinywaji huwa laini kinywani.

Hata katika kazi hiyo anayoiweza, mkaa una masharti. Hufanya kazi vizuri zaidi pombe ikiwa imezimuliwa kwa maji hadi kufikia asilimia 40 au 50 kuliko ikiwa kali ya asilimia 90 na zaidi. Pombe inapaswa kupita polepole katika tabaka refu la mkaa, na mkaa ukishajaa hauwezi kuvuta tena. Mkaa wa jikoni uliopondwa haufikii uwezo huo, na huacha majivu na vumbi ndani ya kinywaji.

Katika nchi za Nordiki, njia hii imezoeleka hata nje ya viwanda. Nchini Sweden, ambako kukeneka pombe nyumbani kumepigwa marufuku tangu katikati ya karne ya 19, pombe ya kificho hupitishwa katika mirija mirefu ya mkaa ili ikaribie vodka ya dukani. New Zealand, kwa upande wake, iliruhusu mwaka 1996 wananchi kukeneka pombe kwa matumizi yao wenyewe, na huko pia mkaa ni kifaa cha kawaida. Kuiuza bila leseni bado ni kosa.

Kwa nini methanoli hupita

Pombe inayokusudiwa kunywewa ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake mdogo: molekuli yake ni ndogo kuliko zote katika ukoo huo, nayo huchanganyika na maji bila kipimo. Sifa hizo mbili ndizo zinazoifanya isinate kwenye mkaa. Isitoshe, ethanoli iliyo tele katika kinywaji hugombea nafasi zile zile, na methanoli hushindwa.

Kwa maneno mengine, lita moja ya pombe yenye methanoli ikipitishwa katika mkaa hutoka ikiwa na takriban kiasi kile kile cha sumu. Tofauti ni kwamba sasa inang'aa na hainuki. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mkaa pia si kinga ya kuaminika dhidi ya risasi inayoweza kuyeyuka kutoka katika rejeta kuukuu za magari na viungo vilivyolehemewa, vifaa ambavyo baadhi ya wapikaji huvitumia kupozea mvuke.

Hatari ya methanoli inatokana na namna mwili unavyoivunja. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi na kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa macho na kuuvuruga mwili mzima. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu mzima, na mililita 30 zinaweza kumuua.

Sumu hutoka wapi

Hapa ndipo mjadala mwingi hupotea njia. Si kweli kwamba kila pipa la gongo limejaa methanoli kwa asili yake. Methanoli ya asili hutokana na pektini, kitu kinachopatikana katika matunda. Pombe ya mabibo ya mikorosho ya Mtwara na Lindi, au ya ndizi za Kagera, inaweza kuwa nayo kwa kiasi kidogo. Ile ya sukari au molasi huwa nayo kidogo mno.

Vifo vya watu wengi kwa wakati mmoja kwa kawaida vina chanzo kingine. Ni methanoli ya viwandani, inayotumika katika viyeyushi, nishati na vimiminika vya kusafishia vioo vya magari, ambayo mtu huiingiza katika pombe kwa sababu ni rahisi na inalevya, au huinunua akidhani ni spiriti ya kawaida.

Jamhuri ya Czech ililipata somo hilo kwa gharama kubwa. Septemba 2012, pombe iliyochanganywa na methanoli ilianza kuua watu nchini humo, na kabla ya mwaka kumalizika vifo vilikuwa vimezidi 30. Serikali ililazimika kusitisha kwa muda uuzaji wa vinywaji vyote vyenye kilevi cha zaidi ya asilimia 20. Pombe hiyo haikuwa imepikwa kichakani. Ilikuwa katika chupa zenye lebo.

Tarakimu zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 hairuhusu vodka kuwa na zaidi ya gramu 10 za methanoli katika lita 100 za kilevi halisi. Kwa vodka ya asilimia 40, hiyo ni miligramu 40 kwa lita. Mtu angelazimika kunywa takriban lita 200 ili afikishe zile mililita 10 zinazoweza kumpofusha.

Sasa ichukuliwe chupa ya mililita 750 yenye nguvu hiyo hiyo, ambayo muuzaji ameweka methanoli badala ya robo tu ya kilevi chake. Chupa hiyo moja itakuwa na mililita 75 za methanoli. Nusu yake inatosha kuua. Hakuna mkaa utakaobadilisha hesabu hiyo.

Vipimo vya mitaani

Wanywaji na wapikaji wana vipimo vyao. Kilicho maarufu ni kuiwasha pombe kwa kiberiti na kutazama moto wake. Moto unaonyesha kwamba kilevi ni kingi, basi. Ethanoli na methanoli zote huwaka kwa mwali wa buluu, na katika mchanganyiko jicho haliwezi kuzitofautisha.

Kipimo kingine ni kumwaga kikombe cha kwanza kinachotoka mtamboni. Desturi hiyo ina faida, kwani matone ya mwanzo hubeba kemikali kadhaa zenye harufu kali. Lakini ingawa methanoli huchemka katika nyuzi 64.7 na ethanoli katika nyuzi 78.3, mtambo wa pipa na mrija hauwezi kuzitenga kabisa. Methanoli huendelea kutoka kidogo kidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kama imeongezwa baada ya upishi, kikombe kilichomwagwa hakihusiki.

Ulimi nao hausaidii, kwa kuwa ladha na harufu za vimiminika hivyo viwili zinakaribiana. Kipimo cha uhakika ni cha maabara, hasa mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha mvuke wa kila kemikali na kuonyesha kiasi chake.

Njia tatu za jirani watatu

Uganda, Kenya na Tanzania zimelikabili suala la wapikaji wadogo kwa njia tofauti. Uganda ilitunga mwaka 1965 sheria iliyowataka wapikaji wa enguli, jina la pombe hiyo ikiwa ghafi, wawe na leseni na wakiuzie kiwanda. Kiwandani ilikenekwa upya na kuingia katika chupa kwa jina la Uganda Waragi.

Mantiki ya mpango huo ilikuwa nzuri. Mpikaji alibaki na kipato chake, na bidhaa ilipita mahali penye wataalamu na mitambo inayoweza kutenga kemikali kwa usahihi kabla haijamfikia mnywaji. Hata hivyo haukufuta upishi wa mitaani. Mwaka 2010, watu wapatao 80 walikufa magharibi mwa nchi hiyo, wengi wao Kabale, kwa waragi yenye methanoli.

Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Marufuku hiyo haikuzuia vifo zaidi ya 100 vya Novemba 2000 katika mitaa ya watu wenye kipato cha chini jijini Nairobi. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la utani la mbunge aliyeipigania, John Mututho, iliifuta marufuku hiyo na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuwekwa katika chupa zenye lebo. Mei 2014, makumi ya watu walikufa tena katika kaunti kadhaa.

Tanzania imebaki na sheria ya mwaka 1966, inayoitambua pombe hiyo kwa jina la moshi na kuzuia kuitengeneza bila leseni. Hatua kubwa ya karibuni ilihusu pombe ya viwandani: kuanzia Machi 1, 2017, serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba. Gongo, ambayo haina kifuko wala lebo, imeendelea kuwa suala la polisi na misako.

Funzo la nchi zote tatu ni kwamba marufuku peke yake haizimi mitambo, na leseni peke yake haizuii sumu. Kinachokosekana ni upimaji unaomfikia mpikaji mdogo.

Ukubwa wa soko lisilopimwa si wa Afrika Mashariki pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2018 kwamba takriban robo ya pombe yote inayonywewa duniani haimo katika kumbukumbu za serikali. Shirika hilo limeeleza pia kwamba katika baadhi ya milipuko ya sumu ya methanoli, zaidi ya asilimia 30 ya waathirika walifariki.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni kuidhibiti methanoli yenyewe, kabla haijafika kwenye pombe. Umoja wa Ulaya ulizuia, kuanzia Mei 2019, kuwauzia wananchi wa kawaida vimiminika vya vioo vya magari vyenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi. Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kufuatilia kila pipa linaloingia bandarini hadi kwa mtumiaji wa mwisho, na kuagiza kwamba methanoli itiwe rangi na kitu kichungu ili isinyweke.

Hatua ya pili ni kuwafungulia wapikaji wadogo mlango wa kweli. Ushirika wa wapikaji unaweza kukusanya pombe mahali pamoja, kila mkupuo ukatolewa sampuli, na usiuzwe kabla majibu ya maabara hayajatoka. Nchini Tanzania vyombo vya kazi hiyo vipo: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limebeba pia jukumu la usalama wa chakula. Kichujio cha mkaa kitakuwa na nafasi yake katika mpango kama huo, lakini baada ya kipimo, kwa ajili ya ladha.

Zipo hoja za upande wa pili. Wapo watakaosema kuhalalisha gongo ni kuhalalisha ulevi, na kwamba gharama za maabara zitaifanya pombe ya leseni iwe ghali kuliko ya kichochoroni. Hoja ya bei ni nzito, na uzoefu wa Kenya unaipa nguvu. Lakini gharama hiyo haina budi kulinganishwa na ile ya kuwazika watu 17 wa eneo moja, na ya kuwahudumia waliobaki hai bila macho.

Hatua ya tatu haihitaji sheria mpya. Wananchi wanapaswa kujua dalili: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma na kuona ukungu, ambazo mara nyingi hujitokeza saa 12 hadi 24 baada ya kunywa. Kuchelewa huko huwafanya wengi wadhani ni uchovu wa ulevi wa jana, wakalala badala ya kwenda hospitali. Zipo dawa zinazozuia ini kuigeuza methanoli kuwa sumu, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuokoa macho na uhai.

Watengenezaji wa vodka wamejivunia mkaa kwa zaidi ya karne mbili, na wana haki. Lakini pombe wanayoipitishia humo tayari imetengwa kwa mitambo na kupimwa. Atakayechukua mkaa wao na kuacha vipimo vyao atakuwa amechukua manukato na kuacha dawa.